Jibu Nililotoa Kuhusu Kuku wa Mama

Vijana wa boma la wilaya waliponiaga walinipa kiti cha kukunja na saa ya mezani. Saa inachelewa, nimeizoea. Yule kijana aliyerithi meza yangu alinisindikiza hadi mlangoni akaniuliza msumari ulio ukutani nyuma ya meza ni wa nini, maana hauning'inizi kitu. Nikamwambia asiung'oe. Akasema, "Basi tuandikie, mzee. Usiende na mambo yote kichwani."

Nimekaa kwenye kiti hicho hapa kijijini kwetu Kwedizinga siku tisa nikijiuliza nianzie wapi. Nilitaka kuanza na siku niliyoajiriwa, nikaona hapo kazi ilikuwa imekwisha kuanza. Nikarudi nyuma hadi shule ya serikali ya Tanga, nikaona hata hapo nimechelewa. Mke wangu amesema nikiendelea kufikiri hivi kiti kitachakaa kabla ya kalamu. Basi naanza na kuku.

Kazi yangu miaka yote ilikuwa ukarani na ukalimani wa baraza la kesi, Handeni kwanza, kisha Korogwe. Vyeo na mishahara mtavikuta kwenye faili. Ninachotaka kuwaachia ni namna ya kusikiliza jibu la shahidi, na somo hilo alinipa askari wa jeshi lililokuja kuiteka nchi yetu.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi Waingereza walipowasukuma Wajerumani wakaingia Handeni. Watu wengi wa kijiji chetu walikimbilia porini na mbuzi wao. Mama alikataa. Baba alikuwa amechukuliwa na Wajerumani kubeba mizigo, na mama alisema akirudi akakuta nyumba tupu atadhani tumekufa. Hakurudi, lakini wakati huo hatukujua. Tulibaki sisi wawili na kuku saba.

Askari wa kwanza kufika uani kwetu alikuwa mtu mrefu, mweusi kama sisi, amevaa kaptura ya kaki na tarbushi nyekundu, bunduki begani. Mama alinivuta nyuma ya kanga yake.

"Hodi, wenyewe!"

Mama alirudi nyuma hatua moja, akinisukuma kuelekea mlangoni.

"Hodi, nasema! Nyumba hii ina watu au ina panya?"

"Ina watu," mama akasema. "Unataka nini?"

"Maji. Nyie watu gani? Wabondei?"

"Wazigua."

Yule askari akatua bunduki, akashika kiuno. "Wazigua! Nimetembea tangu Voi, miguu imekwisha, kumbe nakuja nyumbani kwa watumwa wangu! Mimi Mnyamwezi, mama. Babu yangu alipita njia hii na pembe za ndovu kichwani, nyinyi mkamwibia mkeka."

Nilimtazama mama. Mabega yake yalishuka, na mkono ulionishika ukaniachia.

"Mnyamwezi!" akasema. "Ndiyo maana tangu asubuhi nasikia harufu, nikadhani fisi amefia kisimani. Wewe wa kubeba mizigo wamekupa bunduki ya nini? Iache hapo ukachote maji mwenyewe. Na mtungi ule mwingine unijazie mimi."

Askari wa Mfalme wa Uingereza akachukua mitungi miwili akaenda kisimani.

Vijana wa leo mnataniana kwa maneno tu, kwa hiyo nieleze. Mababu zetu waligombana na wapagazi wa Kinyamwezi njiani mpaka wakachoka, wakaamua ugomvi uliobaki waumalize kwa mzaha. Tangu hapo Mnyamwezi na Mzigua ni watani, hata kama hawajawahi kuonana. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu, na anaweza kuingia kwako akachukua kitu bila kuomba. Huruhusiwi kukasirika. Na ukifa, yeye ndiye anayekuja kuchekesha msiba wako, na akikosa kuja ni aibu kwake.

Jina lake lilikuwa Maganga. Alizaliwa Mombasa, mtoto wa mpagazi aliyebaki pwani, na hakuwa ameiona Unyamwezi hata siku moja, jambo ambalo mama alimkumbusha kila alipofika. Alifika karibu kila alasiri. Alinifundisha kupiga kwata kwa fimbo ya muhogo. Mimi nilikula biskuti zake ngumu za jeshini bila kuomba, kama ilivyo haki yangu. Niligundua pia kwamba mtu huyu aliyepigana vita anaogopa kinyonga, nikamtilia mmoja ndani ya tarbushi. Aliruka akapanda juu ya kinu.

"Mtumwa huyu ataniua!" alipiga kelele. "Wajerumani wote wameshindwa, ananiua mtoto wa Kizigua!"

Kuna watu waliorudi kutoka porini wakatulaumu kwa kumzoea askari mgeni. Mama aliwajibu kwamba huyo si askari, ni Mnyamwezi aliyepotea njia.

Siku moja Maganga alimtazama kuku mwekundu wa mama, yule aliyekuwa akitaga vizuri kuliko wote, akamkamata, akamtia kwapani, akaondoka. Mama alitoka na mwiko. Alimfukuza hadi njia kuu, akimtaja yeye na ukoo wake mzima, na Maganga alikimbia huku kuku akipiga kelele na tarbushi ikimwanguka. Mama aliporudi alikuwa ameshika ubavu kwa kicheko. Alikaa chini mlangoni akacheka hadi machozi. Tangu baba achukuliwe sikuwa nimemsikia akicheka namna ile.

Sasa, kapteni wao, Mzungu mwembamba mwenye masharubu, alikuwa ametoa amri kwamba askari yeyote atakayechukua mali ya mwanakijiji bila kulipa atachapwa viboko. Ilikuwa amri nzuri, tusimwonee. Alipita vijijini mwenyewe na daftari akiuliza watu kwa Kiswahili chake cha Nairobi. Mimi alinikuta njiani, mama yuko shambani.

"Wewe mtoto. Askari nakuja nyumbani yako?"

"Ndiyo, Bwana."

"Nachukua kitu?"

"Kuku, Bwana."

"Nalipa?"

Nilijaza kifua hewa. Nilidhani ananiuliza kama tuna mtani wa kweli, au ni mpita njia tu aliyeomba maji. "Hakulipa, Bwana! Alichukua bila kulipa!"

"Jina yake?"

"Maganga!"

Aliandika, akanipigapiga kichwani. "Mtoto mzuri. Hapana sema uongo."

Nilikimbia shambani kumpa mama habari hizo njema. Alidondosha jembe.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia kweli."

"Na umemwambia kwamba angelipa ningemfukuza na hela zake? Umemwambia hilo?"

"Hakuniuliza."

Mama alikwenda kambini jioni ile ile, mikono ingali na udongo. Walinzi walimzuia. Alisema amekuja kwa shauri la kuku. Wakamwambia shauri limekwisha, atalipwa kesho. Akasema hataki kulipwa. Wakamcheka wakamfukuza.

Asubuhi walimchapa Maganga mbele ya kikosi. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa miti. Nilisikia hadi cha saba nikaziba masikio. Baadaye askari mwingine alituletea hela za kuku zilizofungwa kwenye karatasi. Mama hakuzifungua. Alizitupa chooni pamoja na karatasi yake.

Siku nne Maganga hakuja. Siku hizo nne nililirudia jibu langu neno kwa neno, nikitafuta kosa lilipo, na sikuliona. Askari alikuja, kweli. Alichukua kuku, kweli. Hakulipa, kweli. Nilidhani labda nilikosea kumtaja jina, lakini jina nalo lilikuwa la kweli. Huko kulichambua jibu nadhani ndiko kulikonifanya karani, maana sijaacha hadi leo.

Siku ya tano alitokea, akitembea miguu ameitanua. Mama alisimama bila kumtukana. Hilo lilinitisha kuliko viboko. Maganga alizunguka uani taratibu, akawatazama kuku wetu mmoja mmoja, akamkamata mweusi.

"Yule mwekundu nimemlipia kwa matako," akasema, "kwa hiyo huyo tuliuziana. Huyu mweusi ndiye wa utani. Kuna mwenye neno?"

Mama akakurupuka kutafuta mwiko. Alimpiga nao begani, kidogo, huku akimwita mwizi, na macho yake yamejaa machozi.

Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya kinu. Maganga alinifuata. Hakuweza kuchuchumaa, akainama.

"Shahidi wangu. Kapteni akikuuliza leo utasemaje?"

Nililia tu.

"Nyamaza. Ulisema vizuri, ila ulinyamaza mapema. Siku nyingine endelea kidogo."

Kikosi kiliondoka kuelekea kusini baada ya wiki hiyo. Maganga alipita kuaga akiwa na mzigo mgongoni, na mama akamwambia kwamba sasa anaonekana Mnyamwezi halisi.

"Nikifa huko mtakuja kunizika?"

"Tutakuja kukucheka," mama akasema.

"Basi sawa." Akanigeukia. "Na wewe mtumwa, usipokuja nitakutokea na kinyonga."

Naruka miaka ya shule. Nilimaliza Tanga nikiwa kijana mwenye cheti kizuri na wasiwasi mwingi. Siku yangu ya kwanza Handeni nilifika kabla ya mfagiaji. Nilikuwa nimenunua nibu sita za kalamu ya wino, nikazipanga mezani, nikazipanga tena. Karani mkuu, Mzee Hemedi, alinitazama muda mrefu kisha akaniuliza kama nauza nibu au natafuta kazi.

Mzee Hemedi alinifundisha kila kitu kinachoonekana. Kuchovya wino mara moja kwa mstari na nusu. Kutobandika karatasi ya kukaushia kwa nguvu, maana jina la mtu likichafuka naye anachafuka. Kumtazama shahidi mdomo, si macho. Kuwa na kitambaa cha mkono cha ziada, kwa sababu wajane hawaji na chao. Na kanuni yake kubwa ilikuwa hii: "Mkalimani ni bomba, kijana. Maji yanaingia huku yanatoka kule. Bomba halionji maji." Niliandika maneno hayo ndani ya jalada la daftari langu. Usiku nilijiuliza bomba linafanyaje likiona maji yana sumu, lakini sikuthubutu kumuuliza.

Baadaye tulihamishiwa Korogwe wote wawili. Wiki ya kwanza, nikiwa sokoni, mkono ulitokea nyuma yangu ukachomoa kalamu mfukoni mwa shati.

"Kalamu ya mtumwa ni ya bwana wake."

Alikuwa Maganga, ameota mvi, ila tarbushi ni ile ile. Vita vilipokwisha alioa hapo, akapata kazi ya ulinzi kwenye stoo ya mkonge. Hakunirudishia kalamu. Tangu siku hiyo, kila siku ya baraza ambayo hakuwa zamu alikuja kukaa benchi la nyuma, kuichekelea kola ya shati langu.

Kesi ninayotaka kuwaeleza ilikuja mbele ya Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, katika mwaka wangu wa kwanza pale. Kijana wa Kinyamwezi, manamba, yaani kibarua wa mkataba wa mkonge, hajamaliza hata mwezi tangu aletwe kwa treni, alikuwa amekamatwa karibu na stesheni na mkungu wa ndizi begani. Polisi aliyemkamata alikuwa mgeni kutoka mbali. Mwenye ndizi, mama mmoja wa Kizigua aitwaye Mwanaidi, aliletwa kama shahidi na hakuelewa kwa nini anapotezewa siku.

Bwana Shauri aliuliza, nikatafsiri.

"Mtu huyu alichukua ndizi zako?"

"Alichukua."

"Aliomba?"

"Hakuomba."

"Alilipa?"

"Alipe nini? Hakulipa."

Kijana akasema, "Bwana, yule ni mtani wangu." Nikatafsiri kadiri nilivyoweza. Bwana Shauri akamgeukia Mwanaidi. "Unamfahamu?"

"Simfahamu. Siku ile ndiyo kwanza kumwona."

Bwana Shauri akachukua kalamu kuandika hukumu. Wizi, mbele ya shahidi, na uongo juu yake. Ilikuwa jela, na baada ya jela kijana yule hakuna shamba ambalo lingemchukua. Kila jibu lilikuwa la kweli na mimi nilikuwa nimelipitisha safi kabisa. Nilisikia tena kiboko cha kwanza, cha pili, hadi cha saba.

"Bwana," nikasema, "naomba nimuulize shahidi swali moja zaidi."

"Kazi yako si kuuliza."

Mzee Hemedi alinikanyaga mguu chini ya meza. Ningeweza kukaa kimya, na hakuna ambaye angenilaumu. Bwana Shauri alikwisha kuandika mstari wa kwanza. Nikasimama. Nikapita katikati ya watu hadi benchi la nyuma, nikaivua tarbushi kichwani mwa Maganga, nikaivaa mimi, nikarudi kukaa mahali pangu.

Kisha Maganga akasimama.

"Mwizi!" akanguruma. "Mwizi wa Kizigua! Baba yake mwizi, babu yake aliiba mkeka, na huyu anaiba mbele ya serikali! Kichwa chenyewe kidogo, kofia imemfunika masikio, mtazameni!"

Mwanaidi alikuwa wa kwanza kucheka. "Iache hapo hapo, mwanangu," akanipigia kelele. "Huyo mzee kichwa chake kinanuka mkonge!"

"Nani anasema? Mke wa nguruwe pori?"

Bwana Shauri aligonga meza. Uso wake ulikuwa mwekundu. "Mzee, karani amekuibia kofia?"

Nilitafsiri, nikiwa nimevaa hiyo kofia.

"Ameniibia, Bwana."

"Unataka akamatwe?"

Maganga alimtazama kama mtu anayetazama mgonjwa. "Akamatwe? Kwa kofia? Bwana, huyu ni mtani wangu. Mimi nilimlia mama yake kuku wawili."

Bwana Shauri aliweka kalamu chini. Akamgeukia Mwanaidi, na safari hii aliuliza polepole, "Kama kijana huyu angekulipa, ungefanyaje?"

"Angelipa?" Mwanaidi aliona ni swali la ajabu. "Ningejua ananidharau. Ningemrushia hela zake usoni. Bwana, mimi nilimfukuza nikicheka, polisi ndiye aliyekimbia kweli."

Kijana aliachiwa saa ile ile. Mimi nilibakishwa ofisini nikaambiwa kwamba nikisimama tena bila ruhusa nitafute kazi nyingine, na kwamba nimrudishie mzee kofia yake. La kwanza nililitii. La pili Maganga mwenyewe alikataa. Alisema akiipokea atachekwa soko zima. Ndipo nilipopigilia msumari nyuma ya meza yangu, na tarbushi ikakaa hapo hadi juzi juzi. Mzee Hemedi hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu aliniambia, bila kuinua macho kwenye karatasi, "Nasikia kuna bomba limeonja maji." Baada ya hapo aliniachia niombe ruhusa ya swali la mwisho kila nilipoona linahitajika, na mabwana shauri waliofuata waliizoea tabia hiyo. Nimewaachia orodha ya kesi hizo kwenye droo ya chini. Zisomeni. Katika nyingi, jibu lililobadilisha mambo ni lile ambalo shahidi angelisema tangu mwanzo kama angeachwa avute pumzi.

Mama alipofariki, Maganga alikuja Kwedizinga kwa lori la mkonge, akachukua mwiko jikoni, akawafukuza waombolezaji uani akidai kuku wa chakula chake cha mchana. Watu walilia na kucheka. Mwiko aliondoka nao.

Naye amefariki mwaka huu, wiki chache kabla sijastaafu. Niliiondoa tarbushi kwenye msumari nikaivaa, nikaenda. Baada ya sala, imamu aliuliza, kama desturi, kama kuna mtu anayemdai marehemu. Alikuwa kijana, mgeni pale.

"Mimi namdai," nikasema. "Kuku wawili wa mama yangu."

Wanyamwezi walianza kuguna na Wazigua walianza kucheka. Imamu akakunja uso. "Aliwachukua kwa ruhusa, mzee?"

"Alichukua bila kulipa."

Nilisikia sauti yangu ya miaka tisa. Safari hii niliendelea.

"Na angelipa, mama angemfukuza na hela zake, mimi nisingekuwa na mtu wa kumcheka leo, na kaburi hili lingekuwa la mtu nisiyemjua. Simsamehe hata mmoja. Mfukieni hivyo hivyo, mwizi mkubwa."

Walicheka hata waliokuwa wameshika majembe. Kisha binti yake Maganga, mama mzima mwenye wajukuu, akatoka upande wa wanawake na mwiko mkononi. Niliutambua mwiko ule wa mama. Alinipiga nao begani, kidogo, akaivua tarbushi kichwani mwangu, akaondoka nayo.

Hakuomba. Nilistaafu nikarudi Kwedizinga kichwa wazi.